Piraeus: Wadai Walikuwa Ulaya, Mnunuzi Akawa China

Juni 2017 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilikuwa kikaoni mjini Geneva. Umoja wa Ulaya ulikuwa na desturi ya kusoma tamko la pamoja katika vikao hivyo, na ndani yake China hutajwa waziwazi kwa mawakili iliowakamata na wanaharakati iliowafunga. Safari hii tamko halikusomwa. Maneno ya aina hiyo yanahitaji kauli moja ya nchi wanachama wote, ambao wakati huo walikuwa 28, na nchi moja ilikataa kutia sahihi. Nchi hiyo ilikuwa Ugiriki. Wizara yake ya mambo ya nje ilisema ukosoaji ule haukuwa wa kujenga na kwamba mazungumzo ya pembeni kati ya Ulaya na China yangefaa zaidi. Umoja wa Ulaya haukuwahi kabla ya hapo kushindwa kutoa tamko lake kuhusu China katika Baraza hilo.

Miezi kumi kabla ya kikao hicho, kampuni ya serikali ya China iitwayo COSCO ilikuwa imekabidhiwa asilimia 51 ya mamlaka ya bandari ya Piraeus, lango kuu la bahari la Athens.

Wengi walioyaona mambo haya mawili wakayaunganisha kwa mstari mmoja, kwamba China imenunua bandari na sauti ikaja pamoja nayo. Kwangu mimi huo ni nusu ya mkasa, na nusu iliyosahaulika ndiyo yenye uchungu. Bandari hii haikuuzwa kufuta deni la China, maana waliokuwa wakiishika Ugiriki shingoni walikuwa majirani zake wa Ulaya, Benki Kuu ya Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani IMF. Hao ndio waliodai katika masharti yao kwamba mali ya umma iuzwe. China ilikuja tu na fedha mkononi siku ambayo hakuna mwingine aliyekuja.

Kwa hiyo nataka tufuate deni hili tangu lilipoanza hadi lilipofika gatini.

Harusi

Wahenga wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Harusi ya Ugiriki ilianza Januari 1, 2001, ilipoingia kwenye sarafu ya euro. Kabla ya hapo serikali ya Athens ilikopa kwa drakma na kulipa riba kubwa, kwa sababu mkopeshaji alijua sarafu hiyo inaweza kushushwa thamani wakati wowote. Ilipoingia kwenye euro, masoko yakaanza kuiona hatifungani ya Ugiriki, yaani hati ambayo serikali huiuza ili kukopa, kama binamu wa hatifungani ya Ujerumani, na kwa miaka kadhaa tofauti ya riba kati ya nchi hizo mbili ilikuwa ndogo mno. Benki za Ufaransa na Ujerumani zilinunua hatifungani hizo kwa furaha.

Fedha hizo za bei rahisi zilienda kwenye mishahara ya serikali, pensheni, Michezo ya Olimpiki ya 2004, na silaha. Kuhusu silaha sitapita haraka, kwa sababu zinaonyesha kwamba mkopaji na muuzaji walikuwa wakilishana sahani moja. Ugiriki kwa miaka mingi ilitumia sehemu kubwa zaidi ya pato lake kwenye ulinzi kuliko karibu kila nchi ya NATO huko Ulaya, kwa hofu ya Uturuki. Ilinunua nyambizi kutoka Ujerumani. Aliyekuwa waziri wake wa ulinzi, Akis Tsochatzopoulos, alihukumiwa mwaka 2013 kifungo cha miaka 20 kwa kutakatisha fedha za hongo zilizotokana na ununuzi wa silaha. Wajerumani walipoanza kuulizana kwenye magazeti fedha za Wagiriki zilikwenda wapi, sehemu ya jibu ilikuwa kwenye viwanda vya kwao wenyewe.

Na hesabu zenyewe hazikuwa safi. Mwaka 2001 benki ya Goldman Sachs iliisaidia Athens kwa mikataba ya kubadilishana sarafu iliyolifanya deni lionekane dogo kwenye vitabu, kwa takriban euro bilioni 2.8. Kisha ikaja Oktoba 2009. Serikali mpya ya George Papandreou ilifungua daftari na kutangaza kwamba nakisi ya bajeti, yaani pengo kati ya matumizi na mapato ya serikali, mwaka huo ingezidi asilimia 12 ya pato la taifa. Miezi michache tu nyuma serikali iliyoondoka ilikuwa imeiambia Brussels asilimia 3.7. Takwimu zilipohakikiwa mwisho, nakisi ilipita asilimia 15. Mkopeshaji husamehe mdaiwa maskini, lakini akigundua alidanganywa, riba hupanda usiku huohuo.

Aprili 23, 2010 Papandreou alisimama mbele ya kamera kwenye kisiwa kidogo cha Kastellorizo, pua na mdomo na pwani ya Uturuki, nyuma yake maji ya bluu na nyumba za rangi, akatangaza kwamba Ugiriki inaomba kuokolewa. Wagiriki wengi wanaikumbuka siku hiyo kwa ile bandari tulivu iliyokuwa mgongoni mwake.

Aliyeokolewa ni nani?

Mei 2, 2010 mkopo ulikubaliwa: euro bilioni 110, ambazo 80 zilitoka kwa nchi za euro na 30 kwa IMF. Kwa IMF kiasi hicho kilikuwa zaidi ya mara 32 ya mgao wa Ugiriki, yaani hisa yake ya uanachama, katika shirika hilo. Hakuna nchi ya Afrika iliyowahi kuota kitu kama hicho. Tena kanuni za IMF zilikataza kutoa mkopo mkubwa namna hiyo kwa nchi ambayo haikuonekana wazi kuwa ina uwezo wa kulipa, basi bodi ikaongeza msamaha wa haraka: inaruhusiwa, mradi kuna hatari ya moto kusambaa duniani.

Na hofu ya moto ilikuwa ya kweli. Lehman Brothers, benki kubwa ya Marekani, ilikuwa imeanguka mwaka mmoja na nusu tu nyuma yake. Lakini ukitazama fedha zilikopita utaona kwamba sehemu kubwa iliingia Athens kwa mlango mmoja na kutoka kwa mwingine, kwenda kuwalipa waliokuwa wameshika hatifungani za zamani, na baadaye kuzijaza mtaji benki. Mjumbe wa Brazil kwenye bodi ya IMF, Paulo Nogueira Batista, alionya mapema katika kikao cha Mei 2010 kwamba mpango huo ungeweza kuonekana kuwa wokovu wa wadai binafsi wa Ugiriki, hasa benki za Ulaya, kuliko wokovu wa Ugiriki. Alikuwa sahihi. Benki zilipata miaka miwili ya kuondoka. Ulipofika wakati wa kupunguza deni Machi 2012, pale walioshika hatifungani walipokubali kupoteza asilimia 53.5 ya thamani iliyoandikwa, mzigo mkubwa ulikuwa umeanza kuhamia kwa walipa kodi wa Ulaya. Tangu hapo ugomvi ukawa kati ya watu na watu: mstaafu wa Athens na fundi wa Bavaria, kila mmoja akiamini ameibiwa na mwenzake.

Waliosimamia masharti walikuwa watatu, Kamisheni ya Ulaya, Benki Kuu ya Ulaya na IMF, na Wagiriki waliwaita Troika. Wasomaji waliokuwa watu wazima Tanzania miaka ya 1980 hawahitaji kufafanuliwa masharti yenyewe. Nchi yao ilivutana na IMF tangu siku za Mwalimu Nyerere hadi makubaliano ya 1986 chini ya Rais Mwinyi, na orodha waliyoletewa ilifanana sana na hii: punguza mishahara, punguza watumishi, ondoa ruzuku, uza mashirika ya umma. Tofauti moja ni kubwa. Tanzania ilikuwa na shilingi yake na ikalazimishwa kuishusha thamani. Ugiriki haikuwa na sarafu ya kushusha, hivyo kilichoshushwa ni watu wenyewe, kwa maana ya mishahara yao, pensheni zao na huduma zao.

Kodi ya ongezeko la thamani ilipanda kutoka asilimia 19 hadi 23 ndani ya mwaka 2010 peke yake. Mei 5 mwaka huo, katikati ya maandamano makubwa, benki moja ya Athens ilichomwa moto na wafanyakazi watatu wakafa, mmoja wao akiwa mjamzito. Kufikia 2013 ukosefu wa ajira ulizidi asilimia 27, na kwa vijana ulipita nusu. Uchumi ulipoteza karibu robo ya ukubwa wake, kiasi ambacho kwa kawaida huonekana katika nchi iliyopigwa vita. Zaidi ya watu laki nne waliondoka nchini, wengi wao vijana wenye shahada. Mwaka 2011 ulizuka mlipuko wa malaria iliyoambukizwa ndani ya nchi, katika mashamba ya Lakonia, miongo mingi baada ya Ugiriki kutangazwa kuwa imeutokomeza ugonjwa huo.

Kilichoharibika hapo kinaweza kuelezwa kwa hesabu ya darasa la saba. Mzigo wa deni hupimwa kwa kugawa deni kwa pato la taifa. Ukibana matumizi ili kupunguza namba ya juu, lakini ubanaji huo ukaidondosha namba ya chini kwa kasi zaidi, jibu linapanda. Deni la Ugiriki lilikuwa takriban asilimia 127 ya pato la taifa mwaka 2009, na mwaka 2011 lilipita asilimia 170. Januari 2013 Olivier Blanchard, mchumi mkuu wa IMF, na mwenzake Daniel Leigh walichapisha utafiti uliokiri kwamba makadirio yalikosea. Watabiri walidhani kila euro moja ya ubanaji ingepunguza uchumi kwa nusu euro hivi, kumbe athari yake mwanzoni mwa mgogoro ilizidi hata euro moja. Miezi michache baadaye IMF ikatoa tathmini yake yenyewe ikikubali kasoro kubwa katika mpango wa kwanza. Ukweli huo ulisemwa kwa ungwana, lakini hakuna aliyerudishiwa pensheni.

Moto ulikofika

Madhara ya nje yalikuwa mengi, nami nitagusa machache. Oktoba 31, 2011 kampuni ya udalali ya MF Global ya New York ilifilisika baada ya kuweka dau la mabilioni kwenye hatifungani za nchi za Ulaya kama Italia na Hispania. Mwezi uliofuata, ndani ya siku chache, mawaziri wakuu wawili waliondoka madarakani. Papandreou aliondoka baada ya kutangaza kura ya maoni ambayo wakubwa wa Ulaya hawakuitaka, na Silvio Berlusconi aliondoka riba za Italia zilipopanda. Wote wawili walirithiwa na wachumi ambao hawakuwa wamegombea nafasi hizo. Cyprus, ambayo benki zake zilikuwa zimejaa hatifungani za Ugiriki, iliumizwa na ule upunguzaji wa 2012. Machi 2013 ilifunga benki zake na wenye akiba zaidi ya euro laki moja katika benki zake mbili kubwa wakakatwa. Miongoni mwao walikuwamo Warusi wengi, na Urusi ilikuwa tayari imeikopesha Cyprus euro bilioni 2.5 mwaka 2011. Hapo ndipo suala la benki linapogeuka suala la nani ana usemi mashariki mwa Mediterania.

Kwetu, Oktoba 2011 shilingi ya Kenya ilianguka hadi kiasi cha 107 kwa dola, na kufikia Desemba Benki Kuu ilikuwa imepandisha riba yake hadi asilimia 18. Sababu kubwa zilikuwa za nyumbani, kama ukame, mafuta ghali na mfumuko wa bei, lakini hofu ya Ulaya iliwasukuma watu duniani kote kukimbilia dola, na nchi inayouza maua ya Naivasha kwenye minada ya Uholanzi haiwezi kusema msiba wa Ulaya haumhusu.

Kilichozima moto masokoni kilikuwa ahadi. Julai 26, 2012, akiwa London, rais wa Benki Kuu ya Ulaya Mario Draghi alisema benki hiyo iko tayari kufanya lolote litakalohitajika kuilinda euro. Riba za Italia na Hispania zikaanza kushuka hata kabla hajanunua hatifungani moja chini ya mpango uliofuata. Sentensi hiyo ingeweza kutamkwa mwaka 2010. Miaka miwili ya kusitasita ililipiwa na watu wasiokuwa na sauti mjini Frankfurt.

Gatini

Sasa turudi Piraeus. Bandari hii iko kilomita chache kusini magharibi mwa Athens. Themistocles aliijenga kuwa ngome ya majini karne ya tano kabla ya Kristo, na tangu zama hizo Waathene walijua kwamba anayeshika Piraeus ameshika koo la mji wao. Leo hapo ndipo meli za abiria zinapoondoka kwenda visiwani, na ndipo makontena yanayovuka Mfereji wa Suez yanapokutana na Ulaya mapema zaidi kuliko Rotterdam au Hamburg.

COSCO haikuletwa na mgogoro. Mkataba wake wa kwanza wa kuendesha gati la pili na la tatu ulisainiwa Novemba 2008, rais wa China Hu Jintao alipozuru Athens, na makabidhiano yakafanyika Oktoba 2009, mwezi uleule ambao daftari lilifunguliwa. Huo ulikuwa upangishaji wa sehemu ya bandari, na mwenye nyumba alibaki kuwa Ugiriki. Hilo nchi nyingi hufanya.

Kilichobadilisha mambo ni mpango wa mauzo. Mwaka 2011, kwa shinikizo la wadai, Ugiriki iliunda mfuko maalumu wa kubinafsisha mali ya umma na kuahidi kukusanya euro bilioni 50 kufikia 2015. Lengo hilo halikuwa na mantiki ya biashara. Nchi iliyokuwa ikizungumzwa kila jioni kama iko mbioni kutupwa nje ya euro haiwezi kupata bei nzuri kwa chochote, maana mnunuzi anajua muuzaji amebanwa, na anajua pia tarehe ya mwisho. Hadi 2015 zilikuwa zimeingia kama bilioni 3 tu.

Januari 2015 chama cha Syriza cha Alexis Tsipras kilishinda uchaguzi, na moja ya kauli za kwanza za serikali yake ilikuwa kusimamisha uuzaji wa Piraeus. Wafanyakazi wa bandari walishangilia. Nusu mwaka baadaye mambo yalikuwa hivi: Juni 29 benki zilifungwa na kila mtu akaruhusiwa kutoa euro 60 kwa siku kwenye mashine. Juni 30 Ugiriki ilishindwa kulipa IMF takriban euro bilioni 1.5, nchi ya kwanza iliyoendelea kufanya hivyo. Julai 5 asilimia 61 ya wapiga kura wakasema Hapana kwa masharti mapya. Na alfajiri ya Julai 13, baada ya kikao cha saa 17 mjini Brussels, Tsipras akakubali masharti makali kuliko yale yaliyokataliwa. Wizara ya fedha ya Ujerumani chini ya Wolfgang Schäuble ilikuwa imeweka mezani hata wazo la Ugiriki kutoka kwenye euro kwa muda. Mkopo wa tatu, hadi euro bilioni 86, ulikuja na mfuko mwingine wa mali za kuuza, na lengo lilelile la bilioni 50.

Piraeus ikarudi sokoni. Kampuni mbili nyingine kubwa za bandari zilikuwa kwenye orodha ya wanaofikiriwa. Siku ya zabuni ilipofika, bahasha ilikuwa moja tu, ya COSCO. Aprili 2016 mkataba ulisainiwa wa asilimia 67 kwa jumla ya euro milioni 368.5, ambazo milioni 280.5 zililipiwa asilimia 51 ya kwanza, iliyokabidhiwa Agosti. Haki ya kuiendesha bandari yote inafika mwaka 2052.

Nimeitazama namba hiyo ya milioni 280.5 mara nyingi. Deni la Ugiriki wakati huo lilizidi euro bilioni 310. Umiliki wa bandari ya kwanza ya nchi, yenye umri wa miaka elfu mbili na mia tano, uliuzwa kwa fedha zisizofikia sehemu moja kati ya elfu moja ya deni. Hakuna jedwali la madeni duniani ambalo lingebadilika kwa malipo hayo, na kwa mizani ya fedha mauzo haya hayakuwa na sababu. Yalifanyika kwa sababu yaliandikwa kwenye masharti, na tranchi ya mkopo, yaani awamu yake inayofuata, isingetoka bila kuweka alama ya vyema mbele ya mstari huo. Viwanja vya ndege 14 vya mikoani navyo vilikodishwa kwa miaka 40 kwa kundi lililoongozwa na Fraport ya Frankfurt, kampuni ambayo wenye hisa zake wakuu ni jimbo la Hesse na jiji la Frankfurt. Kwa hiyo mali ya umma ya Ugiriki haikutoka kwenye mikono ya serikali, ilihama tu kwenda kwa serikali nyingine.

Lazima niseme lililo haki kwa upande wa pili. COSCO iliwekeza, ikaleta kreni, ikaleta meli zake. Mwaka 2010 Piraeus ilipitisha chini ya makontena milioni moja kwa kipimo cha futi 20, na mwaka 2019 ilipitisha zaidi ya milioni 5.6, ikaipita Valencia na kuongoza Mediterania. Mgiriki ukimwambia kwamba Uchina ilimdhulumu atakuuliza: na wewe ulikuwa wapi? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na wakati wa dhiki Beijing haikumwita mvivu kwenye kurasa za mbele za magazeti. Lakini ustawi huo haukuwafikia wote gatini kwa kiasi kimoja. Wafanyakazi walilalamika miaka yote kuhusu kazi za mikataba ya muda kupitia makampuni ya kati na zamu zinazotangazwa kwa ujumbe wa simu. Oktoba 2021 mmoja wao alikufa kazini, na wenzake wakagoma. Mwezi huohuo COSCO ilikabidhiwa asilimia 16 iliyobaki, ingawa sehemu ya uwekezaji ulioahidiwa ilikuwa bado haijakamilika.

Kimya kinagharimu kiasi gani?

Je, Beijing iliiagiza Athens inyamaze Geneva? Sina haja ya kudhani hivyo. Mei 2017 Tsipras alikuwa Beijing kwenye mkutano mkubwa wa Ukanda na Njia, mpango wa China wa kujenga miundombinu katika nchi nyingine, akitafuta wawekezaji zaidi. Kampuni ya umeme ya serikali ya China, State Grid, ilikuwa inaingia kwa asilimia 24 kwenye gridi ya taifa ya Ugiriki. Waziri anayejua kwamba riziki ya mji inategemea mgeni mmoja hahitaji kuandikiwa barua. Mwaka uliotangulia, baada ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague kuamua dhidi ya madai ya China katika Bahari ya China Kusini, tamko la Umoja wa Ulaya lilitoka likiwa limelegezwa, na Ugiriki ilikuwa miongoni mwa walioomba lilegezwe, pamoja na Hungary. Aprili 2019 Ugiriki ikajiunga rasmi na kundi la nchi za Ulaya ya kati na mashariki linalokutana na China, ambalo likawa la 17 na moja.

Msomaji wa Mombasa atakumbuka hofu iliyozuka mwishoni mwa 2018 kwamba bandari imewekwa rehani kwa mkopo wa reli ya SGR, hofu ambayo serikali za Kenya na China zilikanusha. Wa Dar es Salaam atakumbuka joto la 2023 kuhusu DP World. Mijadala hiyo huuliza mgeni anataka nini. Piraeus inatuongezea swali ambalo huwa tunalisahau: nani amemsukuma muuzaji sokoni, na kwa nini kwa haraka? Mtego wa deni unaotajwa kila siku kwa jina la China, hapa uliwekwa Brussels, Frankfurt na Washington, na watu walioamini kwa dhati kwamba wanafanya hesabu tu.

Na hesabu hizo zilifanywa na wizara za fedha. Kwenye vyumba vile vya usiku walikaa mawaziri wa fedha, wakuu wa benki na wataalamu wa bajeti. Wa ulinzi na wa mambo ya nje hawakuwa na kiti. Hakuna kipengele katika masharti kilichouliza nani atakuwa mnunuzi, wala meli za kivita za NATO zitafunga kamba kwenye gati la nani.

Ujerumani ililipata swali hilo nyumbani kwake baadaye. COSCO ilipotaka asilimia 35 ya gati la Tollerort huko Hamburg, mawaziri kadhaa walipinga kwa sababu za usalama, na mwishowe, kati ya 2022 na 2023, serikali ya Olaf Scholz iliruhusu hisa isiyofika asilimia 25. Gati moja, hisa ndogo, na nchi nzima ikabishana kwa miezi. Mjadala huo ulikuwa wa lazima na ulikuwa wa haki. Athens iliustahili pia. Januari 2025 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliiweka COSCO kwenye orodha yake ya kampuni inazoziona kuwa na uhusiano na jeshi la China, na tangu hapo presha ya Washington juu ya Piraeus imezidi. Sasa Mgiriki anaambiwa na mshirika mmoja kwamba alichouza kwa amri ya washirika wengine ni hatari.

Kaskazini mashariki, karibu na mpaka wa Uturuki na Bulgaria, kuna bandari nyingine, Alexandroupoli. Nayo ilikuwa kwenye orodha ya mali za kuuzwa. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, zana za Marekani na washirika wake zilipita hapo kwenda Bulgaria na Romania bila kutegemea mlango wa bahari wa Bosphorus. Zabuni zilikuwa zimeshafika mezani. Novemba 2022 waziri mkuu Kyriakos Mitsotakis alitangaza kwamba bandari hiyo ina umuhimu mkubwa mno kwa taifa, na haitauzwa.

Aliweza kusema hivyo kwa sababu programu za mikopo zilikuwa zimekwisha Agosti 2018, na madeni ya IMF yalikuwa yamelipwa kabla ya muda, Aprili 2022. Hapakuwa tena na mtu wa kuja Athens na orodha. Mikopo ya mfuko wa uokoaji wa Ulaya bado ipo, na ratiba yake ya malipo inafika 2070. Makontena ya COSCO yanaendelea kushuka Piraeus usiku na mchana, na mkataba una miaka zaidi ya ishirini na mitano mbele yake.